Meneja Aliyempumzisha Binti Salumu

Ukitaka nimwige, ngoja kwanza nikohoe, maana yule hakuwa anaanza kusema bila kukohoa. Kikohozi kidogo cha adabu, kama mtu anayepiga hodi kooni mwake mwenyewe. Halafu anafumbata mikono mbele ya mkanda, hivi, anatupitia kwa macho mmoja mmoja, anasema, "Mama zangu! Bila ninyi mimi ni nani?" Na sisi wanawake wazima, wengine tuna vitukuu, tunaitikia kama watoto wa chekechea, "Wewe ni Menejaaa!" Anacheka mpaka fizi zinaonekana. Basi kazi imeanza.

Jina lake ninalo, lakini silitoi. Kwao wapi, mama yake nani, kasoma mpaka wapi, hayo kawaulize waliomzaa. Mimi ninachokijua ni miaka ile aliyokaa kwenye godauni letu la viungo, hapa Morogoro mjini upande wa stesheni, tulipokuwa tunachambua pilipili manga na iliki zinazoshuka milimani. Shule mimi sikwenda, hata mlango wake siujui. Ila Mungu alinipa koo. Sauti ya mtu ikishaniingia sikioni haitoki, na nikitaka naitoa vilevile, na kigugumizi chake, na mafua yake. Ndiyo maana pale kazini wakaniita Bibi Kasuku.

Na kabla sijasonga mbele nikwambie kabisa, nina kinyongo naye. Kimenikaa hapa kama mwiba wa samaki. Tena nilikuwa na salamu zake, alizonipa Binti Salumu, jirani yangu wa jamvi, nimfikishie. Nikakaa nazo muda mrefu, na si kwamba nilisahau. Nilimnyima. Nitafika huko.

Kabla yake tulikuwa na nyapara. Yule alikuwa na filimbi shingoni kama refa, na alikuwa anaamini mtu anayecheka hafanyi kazi. "Nyie! Nyie wanawake! Mnacheka nini? Pilipili ina mdomo?" Akisimama mlangoni, mikono inakwenda mbiombio. Akienda kuvuta sigara, godauni zima linasinzia. Jina la mtu hakulijua hata moja. Hata Binti Salumu, yeye alimwita "kizee cha pembeni". Mtu kafanya kazi pale tangu paa lile halijaezekwa, anaitwa kizee cha pembeni!

Sasa Meneja alipokuja, siku ya kwanza akavua viatu. Hilo silisahau. Alifika ukingoni mwa jamvi, akavua viatu vyake vinavyong'aa, soksi zina kitobo kwenye kidole gumba, akakanyaga jamvi letu kama anaingia msikitini. Akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wetu.

"Shikamoo, bibi. Nifundishe."

Binti Salumu alikuwa wa kule juu Kinole, na maneno yake yalikuwa yanashuka polepole, kama uji unaomiminwa, halafu pale kwenye pengo la jino yanapiga mluzi kidogo. "Marahabaaa, baba. Keti. Ungo haupigwi, ungo unabembelezwa."

Akapewa ungo. Akaubembeleza vibaya, makapi yote yakamrudia usoni, akapiga chafya mpaka tai ikaruka begani. Tulicheka siku hiyo, we acha! Hata karani wa mizani, mtu ambaye nilidhani hana meno kwa jinsi alivyokuwa hacheki, akacheka.

Haikupita muda alikuwa anajua majina yetu yote. Si majina tu, anajua mtoto wa nani anaumwa, nani mwanawe yuko jeshini Ngerengere, nani kagombana na mkwe. Kila asubuhi tunakusanyika, anakohoa, anasema, "Haya, niambieni nini kinawachosha." Mwanzoni tukawa tunatazamana. Nani anaulizwa jambo kama hilo? Mtu mwenye tai anakuuliza wewe unaonaje! Mama Hepi, mwenzetu mmoja mwenye mikono myepesi kuliko sisi sote, akajitosa akasema matundu ya chekeche ni makubwa, vijiti vinapita. Kesho yake chekeche jipya hilo hapo. Mwingine akasema jua la mchana linatupiga machoni. Majamvi yakahamishwa. Nikasema mimi, kwa utani tu, choo chetu kile hata panya anaingia akiwa ameziba pua. Kikajengwa kingine, na bati juu. Chai ya saa nne ikaanza, na Meneja anakunywa palepale nasi, mkate anauchovya kama sisi.

Sitaki kusema uongo kwa sababu ya hasira. Kazi ilipanda. Mtu akijua kwamba asipokuja ataulizwa kama anaumwa, anaamka mwenyewe alfajiri. Hakuna filimbi, hakuna matusi, na pilipili ilikuwa inatoka nyeusi safi, punje zinalingana kama zimezaliwa mapacha. Wanunuzi wakawa wanaitaka ya kwetu. Meneja akituletea habari hizo anakaribia kulia.

Na hakuwa mnafiki. Ndilo linaloniuma. Mnafiki unamjua, unakaa naye mbali, unamchekea kwa meno ya mbele. Huyu, dada yangu alipofariki kule Mkuyuni, alikuja. Gari likaishia chini, akapanda mlima kwa miguu na viatu vyake vilevile, soli ya kushoto ikabanduka njiani, akafika anaburuza mguu kama kuku aliyefungwa kamba. Kwa kabila lake yeye ni mtani wetu, basi hakungoja kuelekezwa kazi ya watani. Alimkuta shemeji yangu analia, akamnyang'anya kofia akaivaa, akasema, "Acha kulia wewe, ulikuwa unamnunia alipokuwa hai!" Msiba mzima ukacheka. Halafu akaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Nilimwona huko peke yake, anapasua kuni na machozi yanamtoka. Dada yangu hakuwahi hata kumwona. Sasa mtu kama huyo utamwekea ulinzi gani?

Alikuwa na mambo yake, lakini. Chai anakunywa nasi, maji yetu ya mtungi hanywi, ana chupa yake mfukoni. Anapenda watu wasogee karibu, halafu wakisogea sana anarudi nyuma hatua moja. Na alikuwa anapenda kuigwa. Wengine wote ninawaiga kwa kificho, huyu ananiomba mwenyewe. "Bibi Kasuku, leo hunipi changu?" Basi nakohoa, nafumbata mikono, "Mama zangu! Sisi ni familia! Sisi ni timu! Mimi hapa ni sikio lenu!" Anashika tumbo. Anasema, "Bibi, wewe unanifanya vizuri kuliko ninavyojifanya mwenyewe."

Sauti moja tu alikuwa hataki niitoe. Simu ya Dar es Salaam. Bosi mkubwa alikuwa huko, sisi hatukuwahi kumwona. Ile simu ikiita, Meneja anasimama hata kama alikuwa ameketi, na sauti yake inapungua, inakuwa ya kitoto. "Ndiyo, bosi. Ndiyo, bosi. Itapanda, bosi. Naiona, bosi." Nilimwiga hivyo mara moja, wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia taratibu, "Hiyo basi, bibi." Nikaiacha. Nilimwonea huruma, nakwambia ukweli. Nikajua na yeye ana nyapara wake, ila wa kwake anapuliza filimbi kwa simu.

Sasa nikueleze kujaziana, maana ndiko tulikouzwa.

Jioni kila mwanamke lazima ndoo yake iwe imejaa pilipili iliyochambuliwa. Karani anapita, anatazama, anapitisha. Ndoo isipojaa, siku yako nusu imekwenda na maji. Lakini mikono hailingani. Kuna aliyelala na mtoto mgonjwa, kuna mwenye mimba, kuna mwenye mtoto wa jicho kama Binti Salumu, punje anazitafuta kwa vidole kama anayetafuta sindano. Basi tulikuwa tunajaziana. Hiyo tuliikuta, hata waliotutangulia waliikuta. Binti Salumu ndiye aliyekuwa anatuimbisha. Anaanza yeye, tunapokea, na wimbo ukifika kwenye kiitikio ungo zote zinapanda juu kwa pamoja, vumbi linatanda, na ndani ya vumbi lile aliyetangulia anamwagia aliyebaki nyuma. Kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule. Vumbi likitulia, kila mtu macho kwenye ungo wake. Hushukuru, hushukuriwi. Ramadhani Wakristo wanatujazia sisi tuliofunga, na ikifika Ijumaa Kuu tunawajazia wao wawahi kanisani. Nyapara na filimbi yake alikaa miaka yote akidhani tunaimba kwa sababu ya furaha.

Meneja aligundua kwa sababu alikuwa anatutazama kwa mapenzi. Akamwuliza Binti Salumu kwenye chai, nami nipo, nina mkate mdomoni. "Bibi, mbona ninyi mnamaliza wote pamoja? Mikono yenu hailingani, lakini ndoo zinajaa wakati mmoja. Mnafanyaje?"

Binti Salumu akamtazama yule kijana. Alikuwa ameshamweka moyoni huyo, alishamwita mwanangu. Akamwambia kwa fahari kabisa, anapiga mluzi wake, "Tunajaziana, baba. Mimi mbona ndoo yangu haijai kwa mikono yangu hii? Wananijazia wanangu hawa."

Meneja akapiga makofi! Akasema, "Mama zangu, hii ndiyo timu! Hii watu wanaisomea miaka na hawaipati!" Macho yanamwaka kama mtu aliyeonyeshwa dhahabu. Tukafurahi naye. Mama Hepi akanong'ona, "Leo tumemfundisha mtu wa chuo." Kumbe tulikuwa tumemfungulia kabati.

Sisemi kwamba alikwenda kutuchongea. Naamini alikwenda kutusifu. Naamini ile simu ilipoita alisema kwa sauti yake ya kitoto, "Bosi, wanasaidiana, bosi, ni jambo zuri sana." Na bosi kule hakusikia uzuri. Alichosikia ni kwamba kuna watu ndoo zao hazijai.

Ikaja mizani. Si ile ya karani ya kuning'iniza, hii ya kuwaka namba nyekundu. Kila mmoja beseni lake, lina jina lake. Majamvi yakakatwa, kila mtu na kipande chake, katikati njia pana ya kupita mtu. Meneja akakohoa asubuhi hiyo, mikono mbele ya mkanda. "Mama zangu, kila mtu aone jasho lake! Na atakayeongoza atakuwa Mfanyakazi Bora, picha yake ukutani, sukari na sabuni juu!" Hii aliipamba kwa maneno mpaka wengine tukapiga vigelegele. Nilipiga na mimi. Nilikuwa sijaona.

Binti Salumu ndiye aliyeona kwanza, na macho yake yale yale mabovu. Alinyoosha mkono kutafuta jamvi langu, mkono ukagusa sementi. Akasema, "Mmenihama?"

Tulijaribu, usidhani hatukujaribu. Lakini utammwagia vipi mtu aliye mbali hivyo? Utainuka, utavuka njia, watu wote wanakuona, na unachompa kinatoka kwenye beseni lako lenye jina lako. Mama Hepi aliongoza mara ya kwanza, picha ikapanda ukutani, amekodoa macho kama anayeona mwizi. Akaongoza tena. Siku moja kiitikio kimefika, namwambia, "Mama Hepi, bibi kule." Akajibu bila kuinua kichwa, "Nina watoto, Bibi Kasuku. Sabuni nitapewa na wewe?" Huyo Mama Hepi ndiye aliyekuwa anamwaga mara mbili wengine wakimwaga mara moja! Sikumchukia. Aliyemgeuza namjua, alikuwa amesimama pale mlangoni anatutazama na tabasamu, ila lile tabasamu lilikuwa limeanza kumshinda.

Wimbo nao ukafa polepole. Utaimba nini na mwenzako ni mshindani wako?

Sasa Binti Salumu akaitwa ofisini. Alivyotoka alitusimulia mwenyewe, soda mkononi, khanga mpya kwenye mfuko wa karatasi, ana furaha kama bibi harusi. Nayatoa kama alivyoyatoa.

"Kaniambia, 'Bibi, umetufanyia kazi kubwa mno. Tumekaa, tumeona sasa upumzike.' Nikamwambia ahsante, baba, hata magoti yalikuwa yananisema. Akasema, 'Pumzika kabisa, bibi, usiwe na wasiwasi na kazi.' Nikamwuliza, na nikishapumzika? Akakohoa, akasema, 'Ukishapumzika tutaonana tu, bibi.' Akanishika mikono yote miwili."

Tukamshangilia. Likizo! Nani kule aliwahi kupewa likizo na khanga juu? Mama Hepi akasema, "Hata mimi nizeeke upesi basi." Meneja alimfukuza mtu kwa maneno matamu mpaka mwenyewe hakujua kafukuzwa, na sisi tuliokuwa tunasikiliza hatukujua. Mimi ninayejua kila sauti! Nilisikia kile kikohozi, sikukielewa.

Alipumzika wiki. Jumatatu akarudi, kaoga, kavaa ile khanga mpya, ungo wake kwapani. Mlinzi wa getini kijana mzuri tu, lakini sauti yake siku hiyo ilikuwa imekauka. "Bibi, nimeambiwa usiingie." Binti Salumu akacheka. "Umekosea, mwanangu. Mimi nilikuwa likizo." "Bibi, nimeambiwa." "Basi, usihangaike. Kijana wetu akifika atakwambia." Akakaa kwenye jiwe nje ya geti, ungo magotini, anangoja.

Nilikuwa nimesimama mlango wa godauni, naona yote. Gari la Meneja likaja. Geti likafunguliwa. Binti Salumu akasimama, akainua mkono, na uso wake umeshaanza kucheka. Gari likapunguza mwendo pale ubavuni kwake. Kioo kimepandishwa. Na Meneja ameinamia simu, anaitazama kwa bidii, na simu ile haikuwa inaita, wala haikuwa inawaka. Gari likapita. Geti likafungwa.

Nikamsikia Binti Salumu anamwambia mlinzi, "Hakuniona. Ana mambo mengi."

Nikatupa ungo, nikaenda ofisini bila kubisha hodi. Nikamkuta amesimama katikati ya chumba, begi bado liko begani.

"Binti Salumu yuko getini," nikamwambia.

"Najua, bibi."

"Anakungoja wewe."

Akakohoa. "Bibi Kasuku, mimi mikono yangu imefungwa. Wanataka namba zipande."

"Nani aliwaambia kwamba tunajaziana?"

Akasema, kwa ile sauti aliyonikataza kuiga, "Nilidhani watapenda."

"Haya. Toka ukamwambie. Mwambie umemfukuza, kwa neno linaloeleweka, aondoke kwenye lile jiwe."

"Nitatoka, bibi. Nipe dakika."

Mpaka leo hajatoka. Jua likampanda Binti Salumu kichwani, mlinzi akamletea maji, mchana akainuka, akajipangusa, akaondoka na ungo wake. Tena alimwambia mlinzi amuage Meneja kwa niaba yake.

Baada ya pale, Meneja alijaribu. Asubuhi moja alinisogelea, tabasamu la kuazima. "Bibi Kasuku, leo hunipi changu?" Nikamwambia, "Koo linaniuma." Hakuniomba tena. Alikuwa anauliza bado nini kinatuchosha, na sisi tukawa tunamjibu, "Hakuna, baba, tuko salama." Chekeche likatoboka, hakuna aliyesema. Mtu anawahi namba nyekundu, ataona saa ngapi kijiti au jiwe? Mzigo ukarudishwa na mnunuzi, ukarudishwa na mwingine. Meneja akawa anakonda. Mwisho akaondoka, wakaleta mwingine, na mimi magoti yangu yakasema basi, nikafungua genge langu la nyanya na vitunguu nyumbani.

Binti Salumu anaishi Mlali, kwa binti yake. Macho yamekwisha sasa, lakini vidole havikai. Wanampa maharage anachambua, hata yakiwa masafi wanamrudishia tena. Kila nikienda ananiuliza, "Kijana wetu hajambo?" Mwanzoni nikataka kumwambia. Nikafungua mdomo, nikamwona ameinua uso ananingoja, nikaufunga. Sijui kama anajua akajifanya hajui, au kweli hajui. Yule mwanamke ni mtu wa milimani, ukungu wake haumaliziki kwa siku moja. Safari moja akanishika mkono akasema, "Ukimwona, mfikishie salamu." Akanipa maneno, neno kwa neno, anajua nitayabeba kama yalivyo. Nikaondoka nayo, na moyoni nikaapa hayatoki. Yule hakustahili salamu.

Basi juzi nilikwenda Dumila kununua vitunguu, maana pale njia panda bei inaongeleka. Niko nainamia gunia, nasikia nyuma yangu kikohozi. Kidogo, cha adabu. Mgongo wangu ulimjua kabla yangu.

"Shikamoo, bibi! Bibi Kasuku!"

"Marahaba."

Kanenepa, mvi zimemwingia kandoni, viatu bado vinang'aa. Akanishika mikono yote miwili kama anavyofanya. Alikuwa anatoka Dodoma, kasimama kununua nyanya. Siku hizi anafundisha mameneja, akaniambia. Wanaitwa ukumbini, anawafundisha namna ya kukaa na wafanyakazi, kuwasikiliza, kuwapa moyo wa kazi.

"Na ninyi nawasimulia kila mahali, bibi! Kujaziana kwenu. Wimbo, ungo zinapanda, vumbi. Ukumbi mzima wanapiga makofi. Naelewa sasa, bibi, kazi ilipanda kwa ajili ya lile, si kwa ajili yangu."

"Unawaambia mpaka mwisho?"

Akatazama vitunguu. "Naishia kwenye wimbo," akasema.

Mwuza vitunguu anatutazama, gunia langu bado halijafungwa. Meneja akacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba. "Niige basi, bibi. Mara moja tu. Hakuna anayeniiga siku hizi." Nikatikisa kichwa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Yule bibi... yupo?"

Nilikuwa nimeapa. Lakini alivyouliza hivyo, koo langu likafunguka lenyewe, na aliyetoka siye mimi. Alitoka Binti Salumu, polepole kama uji, na mluzi wake penye pengo.

"Marahabaaa, baba. Hujambo, mwanangu?"

"Shikamoo, bi..." Meneja akaitikia mbio, uso umeshafunguka, na akageuka kutazama nyuma yangu. Kweli kabisa, alimtafuta. Akatazama kushoto kwa wauza nyanya, akatazama kulia kwenye mabasi. Halafu akarudi kuniangalia mimi, na rangi ikamtoka.

Sikumwachia. Nikamalizia salamu kama nilivyopewa, sikuongeza, sikupunguza.

"Nimepumzika, baba. Nimepumzika vya kutosha. Magoti hayanisemi tena. Ukiwa na nafasi nitumie mtu aniite, nije. Ungo wangu ninao."

Kondakta wa basi la Morogoro akaanza kuita. Nikafunga gunia langu. Nikamwambia kwa sauti yangu mwenyewe, "Hizo ni salamu zako, zimefika. Nikirudi ataniuliza umejibu nini. Nimwambie nini?"

Akafumbata mikono mbele ya mkanda. Akakohoa. Nikangoja, maana kikohozi kile nakijua, maneno huwa yako nyuma yake. Akakohoa tena. Nyanya zake akaziacha juu ya meza, akaingia garini, na safari hii hata simu hakuitoa.

Nilipita Mlali Ijumaa. Nilimkuta barazani na maharage yake. Nikamwambia nimemwona. Binti Salumu akaweka ungo chini, akanishika magoti.

"Eeh! Kasema nini kijana wetu? Nipe kama alivyosema."

Nikafumbata mikono. Nikakohoa.

Akacheka mpaka akafuta macho. "Ndiye! Ndiye yuleyule! Haya, halafu?"